Mkataba unafika kwa wabunge ukiwa umeshasainiwa: Kamati ya NUU ina kazi gani hasa kwenye mambo ya nje?

Ngosha wa Kizota (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila msimu wa bajeti ukifika, mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, maarufu kama NUU, husimama na kusoma taarifa ya kamati kuhusu Wizara ya Mambo ya Nje. Majengo ya balozi yamechakaa. Viwanja vyetu huko nje havijaendelezwa. Fedha za maendeleo hazikutoka zote. Kamati inaishauri Serikali. Meza zinapigwa, bajeti inapita, mwakani tunasomewa karibu yale yale. Ndiyo maana mtaani ukiitaja kamati hii wengi wanakwambia ni ya kupanda ndege kwenda kukagua balozi.

Nataka kuitetea kidogo, halafu niiseme.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu Jamhuri ya Muungano "na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa". Someni tena hayo maneno ya mwisho. Mkataba wenyewe ndio unaosema kama utapita Bungeni au la. Na nani anauandika mkataba? Serikali na hao wenzake wa upande wa pili. Wakiacha kuweka kifungu cha kuridhiwa, Bunge linasoma habari gazetini kama mimi na wewe. Makubaliano ya ushirikiano na hati za maelewano zinazosainiwa kila kiongozi mgeni akitua Julius Nyerere, nyingi hazifiki Dodoma kabisa.

Ule unaofika, unafikaje? Serikali inauleta, Spika anaupeleka kwenye kamati inayohusika. Wizara inakuja na msafara wake: waziri, katibu mkuu, mwanasheria wa wizara, mtu kutoka kwa Mwanasheria Mkuu, wataalamu wawili watatu wamekaa nyuma na makabrasha. Mjumbe anakabidhiwa maelezo ya waziri, nakala ya mkataba na azimio linaloombwa kupitishwa. Anauliza, hiki kifungu cha kutatua migogoro kwa nini kinatupeleka kwenye usuluhishi ng'ambo? Anajibiwa kwa adabu zote kwamba Mheshimiwa, hapo ndipo wenzetu walipokubali kufika. Basi. Hakuna anachoweza kubadilisha, hata mkato. Anaweza kukubali, kukataa, au kuweka angalizo (yaani kusema kifungu fulani hakitatufunga) pale tu mkataba unaporuhusu maangalizo. Wakati huo viongozi wameshashikana mikono na picha zimeshapigwa. Mbunge wa chama tawala atakayesema hapana hapo hapingi kifungu tena, anaonekana anampinga Mwenyekiti wa chama chake. Ni wangapi mnawajua wenye ubavu huo?

Mfano wa karibu wote mnaukumbuka. Makubaliano ya Serikali yetu na Dubai kuhusu bandari yalisainiwa tarehe 25 Oktoba 2022. Bunge liliridhia tarehe 10 Juni 2023. Hapo katikati ni zaidi ya miezi saba, lakini wadau walioitwa kutoa maoni walipewa taarifa fupi mno, na nchi nzima ikaanza kuusoma mkataba kwenye simu wakati azimio liko mlangoni. Angalieni pia nani alileta hoja: Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Prof. Makame Mbarawa. Mkataba wa kimataifa, na dola nyingine, lakini kwa utaratibu wetu mkataba unafuata sekta. Ukiwa wa bandari unakwenda na watu wa bandari, ukiwa wa kodi unakwenda na watu wa fedha. Yale maswali ya kidiplomasia (je, Dubai ambayo ni sehemu ya shirikisho ina uwezo gani wa kuingia mkataba na nchi huru? tunatokaje tukikorofishana?) yakaja kujadiliwa na mawakili Mahakama Kuu Mbeya, na maaskofu kwenye waraka wao, na sisi humu jukwaani. Mahakama ilitupa shauri Agosti 2023 na mikataba ya utekelezaji ikasainiwa Chamwino Oktoba 22 mwaka huo huo. Sitaki kufufua ule ugomvi wa ilikuwa biashara nzuri au mbaya. Ninachosema ni kwamba maswali yale yalikuwa na mahali pake, na mahali pake ni kamatini kabla ya Oktoba 2022.

Sasa linganisheni na EPA, ule mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Majadiliano yalimalizika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda walisaini tarehe 1 Septemba 2016. Sisi tukagoma. Na hapa ndipo Bunge letu lilipofanya kazi ambayo watu wameisahau: Novemba 2016 wabunge waliujadili mkataba ambao ulikuwa HAUJASAINIWA na sisi. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwachambulia. Wabunge wa CCM na wa upinzani, ambao mwaka ule hata salamu ilikuwa shida, wakawa kauli moja: Serikali isisaini. Miezi mitatu baadaye Magufuli alipompokea Museveni akauita mkataba ule aina ya ukoloni. Mtasema Rais alishaamua zamani, Bunge lilipiga muhuri tu. Inawezekana. Lakini mwanadiplomasia wetu aliyekwenda Brussels au Arusha baada ya hapo alikuwa na kitu cha kuweka mezani: Bunge langu limekataa. Marekani wanautumia mchezo huo kila siku, kwa sababu mkataba wao unahitaji theluthi mbili ya maseneta na kila anayejadiliana nao anajua hilo tangu kikao cha kwanza.

Halafu kuna kisa cha tatu ambacho vijana hamkijui. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Mambo ya nje ni ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Moto ukawaka. Kamati ya Bunge ya Katiba na Sheria chini ya Philip Marmo ikapewa kazi, ikachunguza, ikasema waziwazi kwamba Katiba imevunjwa. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Kamati ya Bunge iliirudisha nchi nyuma kwenye uamuzi wa mambo ya nje uliokwisha kufanyika! Na wala haikuwa kamati ya mambo ya nje.

Kwa hiyo simo kwenye kundi la "kamati haina meno". Meno inayo, ila analetewa mtu chakula kilichokwisha kutafunwa. Hoja yangu ni moja: NUU ionyeshwe msimamo wa nchi kabla wajumbe wetu hawajapanda ndege kwenda kujadiliana, na ionyeshwe rasimu kabla ya saini. Milango ifungwe, simu ziachwe nje, sawa tu. Lakini waione.

Karibuni kwa nondo. Matusi pelekeni majukwaa mengine.

---

Dogo Area D

Naweka kambi hapa. Mwenye karanga apitishe.

---

Mzee wa Kurasini

Kijana wangu, umeandika kwa utulivu, nami nitakujibu kwa utulivu. Nimetumikia wizara ile miaka mingi, sasa nalea wajukuu, sina cha kumwogopa mtu.

Majadiliano hayaendeshwi na watu wengi. Unapokwenda mezani una vitu vitatu kichwani: unachokitaka, unachoweza kukubali, na mstari usiovukwa. Hicho cha pili na cha tatu mwenzako akikijua umekwisha. Sasa wewe unataka ukipeleke mbele ya wajumbe ishirini na kitu, na makatibu wa kamati, na wapiga chapa. Jioni kitakuwa kwenye meza za nyama choma.

Tena nikukumbushe 2012. Malawi walikuwa wametoa vibali vya kutafuta mafuta Ziwa Nyasa. Mgogoro wa mpaka ule ni wa tangu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890. Wao wanasema mpaka uko ufukweni kwetu, sisi tunasema uko katikati ya maji. Waziri wetu, hayati Membe, alilieleza Bunge msimamo wa Serikali mwezi Agosti. Kauli kali, lakini ni ya Serikali. Mara mwenyekiti wa kamati yenyewe hii unayoitetea, hayati Lowassa, naye akazungumza na waandishi habari za jeshi kuwa tayari. Magazeti ya Lilongwe yakapata kichwa cha habari. Watu wa Mbamba Bay na Kyela wakaanza kuulizana wahame au wakae. Ilituchukua kazi kubwa kuirudisha lugha ya mazungumzo, hadi suala likapelekwa kwa wazee waliowahi kuwa marais, Chissano akiwa mbele. Kamati inapokuwa na sauti yake kwenye mambo ya nje, nchi inakuwa na midomo miwili.

---

Ngosha wa Kizota

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umekuja, uzi huu ulikuwa unakusubiri.

Kuhusu siri: kamati hii hii ndiyo inayopitia bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT na ya Mambo ya Ndani. Inakaa na makamanda milango imefungwa. Kama tunaiamini na mambo ya jeshi, tutashindwaje kuiamini na vifungu vya ushuru wa maua na mafuta ya kula? Hizo nyama choma mbona hazijavujisha idadi ya vifaru.

Kuhusu 2012, nadhani mfano wako unanisaidia mimi. Mwenyekiti alizungumza na waandishi kwa sababu hakuwa na mahali pengine rasmi pa kuweka neno lake mapema. Mtu aliyeshirikishwa kuandaa msimamo hana haja ya kuutengenezea msimamo mwingine kwenye maikrofoni.

---

Mzee wa Kurasini

Marahaba. Hilo la mwisho hujamfahamu vizuri binadamu mwanasiasa, lakini endelea.

---

Bint Mkunazini

Mleta mada nna suala. OIC umeieleza kama ushindi wa kamati. Ushindi wa nani?

Sisi wa huku tunakumbuka mengine. Dk. Salmin, Rais wetu wa Zanzibar wakati ule, aliambiwa atoke, akatoka, na tukaambiwa Serikali ya Muungano italitazama suala la Tanzania nzima kujiunga. Tunalitazama hadi leo. Mwaka 2008 Membe alipolifufua, makanisa yakasimama, likazikwa tena. Uganda ni mwanachama wa OIC, Msumbiji ni mwanachama, na hakuna aliyewasilimisha kwa nguvu. Kwa hiyo kamati ile iliamua swali la nani ana haki ya kusaini, ikaishia hapo. Swali la kama kuna faida kujiunga halikupata kamati ya kulijibu.

Na usisahau kilichotoka humo. Ripoti ya OIC ndiyo iliyowapa kuni wale wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika Agosti ile ile ya 1993. Kamati imeulizwa habari ya uanachama wa jumuiya ya nje, moto ukaenda kuwaka kwenye Muungano wenyewe. Khasa hapo ndipo ninapokuuliza: kwenye hiyo NUU yako itakayoonyeshwa rasimu, Zanzibar inakaa wapi? Mikataba ya bahari kuu, ya mafuta, ya mikopo, yote inatugusa. Baraza la Wawakilishi halina sauti hata ya kuazima.

---

Ngosha wa Kizota

Dada, hapo umenibana na sitajifanya nina jibu kamili. Wapo wabunge kutoka Zanzibar kwenye Bunge la Muungano na hupangwa kwenye kamati hii, lakini hao wanawakilisha majimbo, hawaiwakilishi Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Naona kitu kinachowezekana bila kugusa Katiba ni kamati kumwita waziri husika wa SMZ kila mkataba unapogusa Visiwani, kabla ya saini na siyo baada. Kamati ina uwezo wa kuita mashahidi.

---

Bint Mkunazini

Kuitwa si sawa na kuwa na kura. Lakini haya, tuanzie hapo.

---

Kisauni Mtaa wa Pili

Majirani hamjambo. Nimepita nikaona mnaulizana Bunge lihusishweje kwenye mikataba, nikaona niwaeleze yalivyo kwetu Kenya.

Sisi tuna sheria kabisa, ya mwaka 2012, ya kuingia na kuridhia mikataba. Baraza la Mawaziri likishakubali, mkataba unakwenda Bunge la Kitaifa, kamati inalazimika kuwasikiliza wananchi, na Bunge laweza kukubali kwa masharti. Katiba yetu, kifungu 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa unakuwa sehemu ya sheria za Kenya. Mabalozi nao hawaendi mpaka wapigwe msasa na kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni. Kwenu Rais anateua, kesho mtu anaapa.

Sasa sikilizeni ya Haiti. Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha ujumbe wa kimataifa ukiongozwa na Kenya. Serikali ikaleta ombi Bungeni la kupeleka polisi elfu moja. Kamati za Bunge la Kitaifa na Seneti zikakaa pamoja, zikapokea maoni, zikaandika ripoti, na Novemba 16 wabunge wakapitisha. Karatasi zote zilionekana safi. Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita akasema hapana. Kwa nini? Katiba kifungu 240(8) inaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa, kwa idhini ya Bunge, kupeleka "majeshi" nje. Polisi si jeshi, ni huduma. Polisi wana njia yao kwenye Sheria ya Huduma ya Polisi, na njia hiyo inataka kuwe na makubaliano ya kushirikiana na nchi wanakokwenda. Haiti hatukuwa na makubaliano nayo.

Hebu fikirini. Kamati mbili, mawakili wa Bunge, wiki kadhaa za vikao, na swali la kwanza kabisa ambalo mwanafunzi wa sheria angeuliza (hawa ni jeshi au ni polisi?) likapita. Aliyeliuliza ni Ekuru Aukot na wenzake mahakamani. Serikali ikakimbia kutengeneza karatasi iliyokosekana: Machi 1, 2024 Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, akaja Nairobi makubaliano yakasainiwa. Safari ile ndiyo iliyomponza, magenge yakafunga uwanja wa ndege, hakurudi kwake kama kiongozi tena. Polisi wa kwanza kama 400 wakatua Port-au-Prince Juni 25, siku ile ile vijana walioandamana walipoingia Bunge letu la Nairobi.

Kwa hivyo kaka, kuletewa mapema peke yake haitoshi. Sisi tuliletewa kabla. Wabunge hawakuisoma.

---

Dogo Area D

Kwa hiyo Kenya mna sheria nzuri na Bunge linapitisha, sisi hatuna sheria na Bunge linapitisha. Tofauti ni jaji.

---

Kisauni Mtaa wa Pili

Jaji, na mtu wa kwenda kwa jaji. Ila kamati zetu zina siku zao nzuri pia. Ile ya Mahusiano ya Kigeni ilianzisha uchunguzi mwaka 2023 kuhusu wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi kule Laikipia na Samburu. Kuna mwanamke aliuawa Nanyuki mwaka 2012, kuna moto wa Lolldaiga wa Machi 2021, kuna watu wanaolalamikia mabomu yaliyoachwa malishoni. Kamati ilikwenda kukaa huko huko na kuwasikiliza wafugaji. Mama anasimama mbele ya mbunge anasimulia kwa Kisamburu, mkalimani anatafsiri, mwandishi wa Bunge ananakili. Wizara ya Mambo ya Nje isingeweza kufanya vile, kwa sababu wao kesho wana karamu na balozi.

---

Mzee wa Kurasini

Hapo kwenye karamu umenichekesha, lakini ni kweli. Balozi mzuri wakati mwingine anaomba dua Bunge limpigie kelele ili yeye aendelee kuwa mpole.

---

Tabora Boys 88

Mmezungumza mikataba mirefu, mbona hakuna anayegusa wanajeshi? Huko ndiko watu wanakufa.

Ibara ya 44 inasema Rais akitangaza hali ya vita na nchi nyingine, Spika anapelekewa nakala na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kufikiria kuunga mkono. Sawa. Lakini tangu Kagera tumetangaza vita na nani? Anjouan 2008 tulikwenda, Komoro. Kongo 2013 tulikwenda kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyowapiga waasi wa M23, na Desemba 2017 tukapokea majeneza kutoka Semuliki. Desemba 2023 SADC ikapeleka huko Kongo ujumbe wake wa kijeshi, SAMIDRC, sisi, Afrika Kusini na Malawi, hadi Goma ilipoanguka Januari 2025 na wakuu wa nchi wakaamua Machi kwamba ujumbe uondoke. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji kutangaza hali ya vita. Zote zinaingia kwenye Ibara ya 148, Amiri Jeshi Mkuu anaweza kuamuru majeshi ndani na nje ya Tanzania.

Afrika Kusini, ndani ya ujumbe huo huo wa SADC, Ramaphosa alilazimika kuliandikia Bunge lake Februari 2024: wanajeshi 2,900, gharama zaidi ya randi bilioni mbili, hadi tarehe 15 Desemba 2024. Katiba yao, kifungu cha 201, inamtaka ataje sababu, mahali, idadi na muda. Askari wao walipouawa Januari 2025, wabunge walikuwa na barua ya kumuuliza waziri maswali: ulisema muda utaisha Desemba, mbona bado wako kule? Sisi hatuna barua ya namna hiyo. Siombi Bunge litoe ruhusa, jeshi haliwezi kusubiri semina. Naomba barua tu.

---

Mzee wa Kurasini

Barua hiyo naiunga mkono. Na iende NUU kwanza, kwa siri, kama kuna idadi isiyopaswa kutajwa.

---

Mwana wa Chongoleani

Niongeze dogo nikiwa huku Ubelgiji. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka kwetu Tanga, kilomita 1,443, wakataka mradi usogezwe mwaka mmoja. Azimio lile halikuwa na nguvu ya sheria, lakini mabenki yalilisoma. Kule Uganda Naibu Spika Thomas Tayebwa aliwajibu hadharani, Bunge kwa Bunge. Upande wetu majibu niliyoyaona huku yalitoka kwa mawaziri. Wabunge wa Ulaya wanamsikiliza mbunge mwenzao kuliko wanavyomsikiliza waziri. Waziri wanajua ametumwa. Hiyo ndiyo kazi ya kamati isiyoandikwa popote: kwenda Brussels, Pretoria, Kigali na kuzungumza na kamati za mabunge ya wenzetu. Hizo safari mnazozicheka, swali liwe walikutana na nani na walirudi na nini, siyo kwa nini walisafiri.

---

Dogo Area D

Walirudi na manukato ya pale uwanjani.

---

Kipepeo wa Lushoto

Mimi nimefanya kazi na wakulima wa maua upande wa Arusha wakati wa sakata la EPA, nimsahihishe kidogo mleta mada. Anaieleza kama wabunge walichambua wakaamua. Ukweli ni kwamba kukataa kulikuwa rahisi kwetu kwa sababu hatukuwa na cha kupoteza haraka. Tanzania ipo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru, EPA iwepo isiwepo. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Wao wangechelewa baada ya 1 Oktoba 2016, maua yao yangeanza kutozwa ushuru. Ndiyo maana walikimbilia saini, na ndiyo maana walipochoka kutusubiri wakatafuta wa kwao peke yao, wakasaini Nairobi Desemba 2023, ukaanza kutumika 1 Julai 2024. Siku tukitoka kwenye hilo kundi, tutarudi mezani peke yetu, bila majirani. Je, kuna kamati ya Bunge inayoipigia hesabu siku hiyo?

---

Ngosha wa Kizota

Umesema kitu kizito dada Kipepeo, na nakubali kwamba uamuzi wa 2016 ulikuwa na mto wa kuegemea. Lakini hesabu hiyo ya siku ya kutoka ndiyo hasa kazi ya kamati yenye wataalamu wake. NUU haina wachumi wa biashara wa kuwaita wake. Inategemea maelezo ya wizara ile ile inayoisimamia. Akija waziri na karatasi ya kurasa kumi, mjumbe hana karatasi nyingine ya kuweka pembeni alinganishe. Mwaka 2016 ilipendeza kwa sababu walisikiliza watu wa chuo kikuu, watu ambao hawakuajiriwa na wizara ya biashara.

Na Kisauni, nimeipokea ya Haiti. Naongeza kwenye hoja yangu: kuletewa mapema, pamoja na mwanasheria na mchumi ambaye si wa Serikali.

---

Mzee wa Kurasini

Basi nikwambie kitu, kijana. Mara nyingi waliokuwa hawataki mkataba uonekane mapema si sisi wa mambo ya nje. Ni wizara za kisekta. Wanakuja kwetu mkataba umekamilika, wanataka tuupeleke balozini usainiwe. Na sisi tunauona siku hiyo. Kuita wizara yetu wakati huo ni kumwita mshenga siku ya fungate. Kwa hiyo usidhani NUU peke yake ndiyo inayochelewa kuona.

---

Ngosha wa Kizota

Mzee, hiyo ilipaswa kuwa uzi wake.

---

Tabora Boys 88

Sasa tufanye nini kivitendo? Katiba mpya tumeisubiri tangu 2014.

---

Ngosha wa Kizota

Haihitaji Katiba mpya. Ibara ya 89 inaliruhusu Bunge kujitungia Kanuni zake. Kwenye Kanuni unaweza kuandika kwamba mkataba wowote unaotarajiwa kuletwa kuridhiwa, waziri husika ataiarifu NUU kabla ya saini, hata kama kamati ya sekta ndiyo itakayoandika taarifa. Kwamba siku za wadau kutoa maoni zisiwe chini ya idadi fulani, mimi ningesema 21. Na kwamba kila askari wetu akivuka mpaka kwa ujumbe wa kimataifa, kamati ipewe maelezo ya faragha ndani ya siku kadhaa. Kanuni haiwezi kumfunga Rais, lakini inaweza kulifunga Bunge lenyewe: hoja ya kuridhia isipokelewe mezani kama waziri hakutoa taarifa hiyo.

---

Kipepeo wa Lushoto

Na mabadiliko ya Kanuni yanaanzia wapi?

---

Ngosha wa Kizota

Kamati ya Kanuni za Bunge. Mwenyekiti wake ni Spika.

---

Dogo Area D

Karanga zimeisha wakuu.